Mwasi wa Serikali

Si zamani sana, maana walioyaona kwa macho yao bado wanakunywa kahawa barazani, palikuwa na nchi ndogo ya visiwa iliyoitwa Ukwaju. Ilitawaliwa na Dola Tukufu, iliyokuwa mbali huko upande wa baridi, na Dola hiyo iliipenda Ukwaju mapenzi ya mzazi: iliitoza kodi, iliipiga, na mara kwa mara ililisahau jina lake.

Watu wa Ukwaju walikuwa watulivu. Wageni walifunga safari kuja kuushangaa utulivu wao, wakarudi kwao kuandika kwamba hawajaona kwingine watu wanaozungumza kwa sauti ndogo namna ile, hata sokoni, hata harusini. Hakuna mgeni aliyeelezwa habari za Sheria ya Utulivu wa Ulimi. Wala hakuna aliyepelekwa Mwambani, kile kisiwa cha mawe matupu mbele ya mji, chenye gereza juu yake, walikotiwa wale waliopungukiwa na utulivu. Sheria ilikataza mambo mengi, lakini kubwa lao lilikuwa neno "uhuru". Kulifikiria mtu aliruhusiwa, kwani Serikali haikuwa katili. Kulitamka mbele ya shahidi mmoja kulitosha.

Katika mji ule aliishi mpishi wa halua jina lake Ngwali Mbarouk. Alikuwa mwoga, na kusema hivyo si kumvunjia heshima, maana mwenyewe hakuficha. Wengine woga huwakaa machoni, wengine miguuni. Wa Ngwali ulikaa tumboni. Akisikia buti nje ya duka, tumbo humkata, akaacha jungu la halua motoni akakimbilia chooni.

Haikuwa hivyo tangu ujana wake. Siku moja alikuja mteja mwenye haraka, akataka kufungiwa halua ikingali ya moto. Ngwali akamwambia, "Ipe uhuru wake ipoe, ndugu yangu." Mteja alikuwa kachero. Mahakamani hakimu alitaka kujua halua ile ilikuwa na kiongozi au ilijiongoza yenyewe, na Ngwali aliposhindwa kujibu, ukimya wake ukahesabiwa ni ukaidi. Akavunja mawe Mwambani mwaka mzima.

Huko alimkuta shemeji yake, Msabaha, mwalimu wa skuli, kaka wa mkewe Mize. Msabaha hakuteleza ulimi. Yeye aliliandika neno lile ubaoni kwa chaki, akawaambia wanafunzi walisome kwa pamoja, wakalisoma hadi likasikika njiani. Ngwali alimaliza kifungo akarudi kwenye jungu lake. Msabaha hakurudi. Mize alipokwenda kuuliza, aliambiwa kaka yake amefariki kwa maradhi ya koo, na kwamba kaburi limehifadhiwa kwa ajili ya usalama wa umma. Akaambiwa pia asihuzunike kupita kiasi, kwani kiasi kilikuwa katika sheria.

*

Asubuhi moja Ngwali alikuwa akikoroga. Samli ilikuwa imeanza kujitenga pembeni mwa jungu, wakati ambao mpishi haruhusiwi hata kupiga chafya. Mlangoni kikaingia kivuli. Alikuwa Inspekta Kheri Mabruki, mkuu wa polisi, mzaliwa wa mtaa wa pili tu, mtu mpole wa sauti. Watu wa Ukwaju walimwogopa hasa kwa upole ule, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akikasirika, na waliomsikia akiwa mpole wengi hawakuonekana tena.

"Bwana Ngwali," alisema, "Mtukufu Gavana anakuita."

Mwiko ukasimama. "Nimefanya nini, Afande?"

"Atakwambia mwenyewe."

"Naomba niende uani kidogo."

"Nenda," Inspekta alisema kwa huruma. "Kila mmoja huenda."

Ngwali aliporudi kutoka chooni alimkuta Mize amesimama na kikapu: shuka, mswaki, na mkate uliofungwa kwenye kitambaa. Kikapu kile kilitundikwa nyuma ya mlango siku zote, kama vilivyotundikwa nyumba nyingine zote za mji ule. Mize hakulia. Wanawake wa Ukwaju walikwisha kujua kuwa kilio hukuza shtaka. Alimtazama mumewe tu, kisha akaichukua nafasi yake kwenye jungu, kwa sababu halua ilikuwa imeanza kushika chini.

*

Gavana alikuwa mtu mrefu, mwekundu, mwenye kutokwa na jasho hata chini ya panka. Kiswahili alijifunza kwenye kitabu, akakipenda sana, na hakuna aliyethubutu kumwambia kilivyokuwa.

"Ewe Ngwali bin Mbarouk," alisema, "keti katika kiti. Kunywa chai, bila ya hofu wala sukari."

Ngwali aliketi ukingoni. Inspekta Kheri alisimama nyuma ya kiti, akipumua taratibu.

"Dola Tukufu," Gavana alianza, akisimama kama aliye mbele ya umma, "katika hekima yake isiyochoka, imechoka. Visiwa hivi vimetugharimu. Karafuu imeanguka bei, bandari imejaa mchanga, na mke wangu ana mafua yasiyokwisha. Kwa hivyo tumeamua kuwapeni kile kitu."

"Kitu gani, Mtukufu?"

"Kile," Gavana alisema, akitupa jicho kwa Inspekta. "Lakini hatuwezi kuondoka kama wezi. Tuliingia kwa heshima, tutatoka kwa heshima." Kweli waliingia kwa heshima, mizinga yao ilipiga toka alfajiri mpaka adhuhuri. "Jumamosi inakuja Kamati ya Mataifa. Inataka kusikia kwa masikio yake watu wa Ukwaju wakidai. Asiyedai hapewi, ndio utaratibu. Basi nimemtafuta wa kudai. Wazee wameniomba nikae miaka mia nyingine. Vijana nilipowauliza walikimbia, mmoja akaruka baharini. Katika wote waliopata kuhukumiwa kwa neno lile, aliyebaki hai ni wewe peke yako."

Ngwali alijua sasa kwamba ni mtego. Waliwahi kumtega mtu kwa chai, muuza nazi mmoja, naye alikunywa vikombe viwili kabla ya kuvikwa pingu. Akateremka kwenye kiti, magoti yakagusa zulia.

"Mtukufu, mimi sitaki. Wallahi sitaki. Mimi nilisema halua."

"Unataka."

"Sitaki, Mtukufu. Nawapenda. Kaeni."

Gavana alipiga meza hadi chai ikamwagika. "Utataka! Ni amri ya Serikali kwamba utataka, tena kwa moyo mkunjufu, saa nne kamili asubuhi, mbele ya wageni."

Ngwali alikusanya alichokuwa nacho cha ujasiri, ambacho hakikujaza kiganja. "Na ile sheria, Mtukufu? Imefutwa?"

Gavana alikaa. Alionekana kuona haya kidogo. Alieleza kuwa alipeleka hoja ya kuifuta mbele ya Baraza, lakini hoja ilipaswa kusomwa, na kuisoma ni kulitamka neno lenyewe. Karani akagoma kusoma. Akapewa Spika, Spika akaugua palepale. Basi sheria itafutwa na nchi mpya, ikishapatikana.

"Kwa hivyo Jumamosi sheria itakuwapo bado," Ngwali alisema.

"Kwa muda mfupi tu," Gavana alimliwaza.

Njiani kurudi, Inspekta Kheri alitembea naye bega kwa bega, kama watu wanaotoka msikitini.

"Mtukufu amekuamuru useme," alisema. "Mimi nimekula kiapo kumkamata anayesema. Kila mtu na kazi yake, Bwana Ngwali."

"Sasa nifanyeje, Afande?"

"Fanya vizuri." Walipofika kona ya duka, Inspekta alisimama, akamfuta Ngwali vumbi la begani. "Na jambo moja. Kuna jina la mtu usilitaje pale jukwaani. Unalijua."

Ngwali alilijua. Aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akapitiliza moja kwa moja mpaka chooni.

*

Siku zilizofuata Serikali ilifanya kazi kubwa ya kujipinga. Kiliundwa Chama cha Madai, Ngwali akawa Rais wake, Katibu akawa msaidizi wa Gavana, kwa kukosekana mwingine. Chama kilipewa ofisi pembeni ya kituo cha polisi, ili kiwe karibu. Jioni watu walikusanywa kwa zamu uwanjani, koplo mwenye filimbi akawafundisha hasira. Filimbi ya kwanza, kukunja uso. Ya pili, kurusha ngumi juu, si mbele. Ya tatu, kutulia na kwenda nyumbani. Watu walikunja nyuso vizuri sana, wengi hawakuhitaji mafunzo. Ilipofika kupiga kelele, kila mmoja alisubiri mwenzake alitamke. Mwishowe uwanja mzima ukanong'ona, "Lile! Tunalitaka lile!" Koplo akaandika kwamba maendeleo yanaridhisha.

Lakini dukani kwa Ngwali hakuingia mtu. Akina mama waliozoea kununua halua ya kunywea kahawa walivuka njia wakipita mbele yake, nyuso wamezielekeza upande wa pili. Bwana Ussi, rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, aliyekula naye sahani moja kwenye maulidi zisizohesabika, alikuja kwa mlango wa nyuma.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema, bila kuketi. "Kama jambo hili ni kweli, tutaonana baadaye tufurahi. Kama ni mtego, mimi na wewe hatujuani."

"Na salamu?" Ngwali aliuliza. "Hata salamu?"

Ussi alifikiri. "Nitakuitikia moyoni," akasema, akatoka.

Ngwali hakula. Kila alichotia kinywani tumbo lilikirudisha. Alianza kuota mchana, macho wazi: aliona nyundo, aliona chokaa, aliona ule ukuta wa Mwambani ambao jua liliupiga hadi mtu akaomba mvua kwa kelele, akapigwa kwa sababu ya kelele. Mwiko ulimshinda, na Mize ndiye aliyekoroga.

Siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri, walikuwa uani. Mize alikuwa anatwanga iliki. Aliuweka mchi chini.

"Baba Raya," alisema, maana binti yao aliyeolewa kisiwa cha pili aliitwa Raya, "unaogopa nini hasa?"

"Kurudi kule."

"Sikuulizi hilo. Hilo hata mimi naliogopa."

Mize alikung'uta kanga yake.

"Watakuja watu wa nje," alisema. "Wataketi, watasikiliza, kisha watakwenda zao na hawatarudi. Waulize kaka yangu yuko wapi."

"Kheri ameniambia nisilitaje jina lake."

"Najua. Kama lingekuwa si kitu asingekukataza."

"Mama Raya, mimi nimeamriwa nidai nchi."

"Nchi watapeana wenyewe wanaoitaka. Mimi nataka mahali pa kumsomea Yasini."

"Wataniua."

Mize alimtazama. Angeweza kumwambia hapana, hawawezi, Mungu yupo. Alimwambia, "Huenda." Hakumdanganya, na hilo ndilo lililomtia Ngwali hofu kuliko yote aliyosikia wiki ile.

*

Jumamosi jua lilitoka kali. Kamati ya Mataifa ilikuwa watu watatu wenye tai, waliokaa chini ya hema na kupewa maji ya dafu na vipande vya halua. Gavana alisema kwa kirefu. Alisema Dola Tukufu imewalea watu wa Ukwaju kama kuku aleavyo vifaranga, na leo vifaranga vimeota meno. Alisema moyo wake unavuja. Nyuma yake bandarini meli yake ilikuwa imekwisha kuwasha moshi, na makuli walikuwa wakimalizia kupakia piano, mapazia, na vitasa vya milango ya Ikulu.

Filimbi ya kwanza ikalia. Uwanja ukakunja uso.

Ngwali alipanda jukwaani. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho. Chini ya ngazi alisimama Inspekta Kheri katika sare yake, na mkononi alikuwa na pingu zilizofunguliwa tayari, amezishika kwa adabu, kama mtu aliyeshika tasbihi.

Hotuba ilikuwa imeandikwa na msaidizi wa Gavana. Ngwali aliisoma kwa sauti iliyotoka kama ya mtu mwingine. "Sisi wananchi wa Ukwaju, tukiwa na akili timamu, bila kulazimishwa na mtu yeyote, tunadai..." Hapo palikuwa na nafasi tupu. Mpiga chapa aliogopa kulipiga neno lile.

Ngwali alitazama pale patupu. Gavana alimtikisia kichwa kumhimiza. Kheri alimtikisia kichwa pia, lakini si kwa maana hiyo. Tumbo lilimsokota hadi akadhani ataaibika mbele ya mataifa. Akamtafuta Mize upande wa wanawake, akamwona. Hakukunja uso kama wengine. Alikuwa amesimama tu, kama mtu anayesubiri zamu yake kisimani.

"Tunadai," Ngwali alisema tena, akameza mate, "mimi nadai... shemeji yangu. Mwalimu Msabaha. Mlimchukua mzima. Mmemzika wapi? Dada yake anataka akamsomee."

Mkono wa Kheri ulipanda ngazi kabla ya mguu wake.

Kati ya jukwaa na hema alikaa mkalimani, kijana wa ofisi ya Gavana mwenye miwani. Alimtazama Gavana. Gavana alimtazama yeye. Kijana akasimama, akakohoa, akasema maneno kadhaa kwa lugha ya wageni, akaketi. Watu watatu wenye tai wakainuka wakapiga makofi. Mmoja alifuta machozi.

Mize aliijua lugha ile, alifundishwa na kaka yake. Alijipenyeza mpaka chini ya jukwaa. "Hukusema hivyo," alimwambia mumewe. "Mkalimani amewaambia umedai nchi, tena kwa jina la mashujaa wote."

Lakini bendi ilikuwa imeanza. Bendera ya Dola ilishushwa, ikanasa nusu ya mlingoti, na Gavana, aliyekuwa akisikia honi ya meli yake, aliivuta kwa mikono yake mwenyewe hadi ikachanika. Kisha akatoa hati ya nchi, yenye muhuri mwekundu, akamkabidhi Ngwali kama Rais wa Chama cha Madai.

"Sitaki," Ngwali alisema, akarudi nyuma.

"Shika, bwana."

"Sitaki, Mtukufu. Mimi nauliza kaburi."

Honi ikalia tena, kwa ghadhabu. Gavana alitazama kushoto, akatazama kulia. Karibu naye alikuwa mtu mmoja tu mwenye sare iliyopigwa pasi. Akamtia Inspekta Kheri hati ile mkononi, akampa heshima ya kijeshi, akateremka ngazi mbio huku ameshika kofia. Hivyo ndivyo Ukwaju ilivyompata kiongozi wake wa kwanza, na baadaye watoto walifundishwa kwamba alipigania nafasi ile tangu ujana.

Rais Kheri alikuwa bado na pingu mkono mmoja na nchi mkono wa pili. Alizitazama zote mbili. Kisha akazifunga pingu kiunoni, kwa upole.

"Ndugu wananchi," alisema, "sasa tumekuwa huru. Naomba utulivu."

Filimbi ya tatu ikalia, watu wakaenda majumbani. Ngwali alipopita mbele yake, Rais alimwinamia sikioni.

"Jina lile nilikukataza," alisema. "Leo nina wageni. Kesho nitakuja kukuona."

*

Kesho yake ilikuwa siku ya bamvua, maji yalikuwa yamekupwa mbali, na kutoka mjini hadi Mwambani mtu aliweza kwenda kwa miguu juu ya mawe na majani ya bahari. Jua lilipochomoza Mize alikuwa amekwisha kuvaa. Mkononi alikuwa na msahafu na chupa ya maji.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Unapajua."

Ngwali alipima woga kwa woga. Akikaa, Kheri atamkuta nyumbani. Akienda, anakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, mahali alipoomba Mungu asimrudishe. Alikwenda uani mara mbili. Aliporudi mara ya pili Mize alikuwa ameshaanza kutembea, na kubaki peke yake aliona ni vibaya kuliko vyote viwili.

Kila hatua alitegemea bunduki. Haikulia. Lango la gereza walilikuta wazi, likipigapiga kwa upepo. Askari wote walikuwa wamekwenda mjini tangu jana, kugawiwa vyeo.

Ndani ya ua walikuwamo wafungwa. Hawakuwa watu wa lile neno. Walikuwa wezi wa nazi, wasiolipa kodi, na mmoja aliyepiga mluzi msafara wa Gavana ukipita. Walikuwa wamechuchumaa kwa safu, mikono kichwani, kama wafanyavyo kila asubuhi kungojea kuhesabiwa. Hawakuwa wamekula tangu jana, na hakuna aliyekuwa amesogea kwenye lango.

"Kwa nini hamtoki?" Ngwali aliuliza.

Aliyejibu alikuwa mzee aliyekaa mwisho wa safu, jina lake Faki, mfungwa wa kodi, aliyekuwapo hata enzi za Ngwali, ingawa sasa hakumtambua. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Inspekta?"

"Hakunituma."

"Gavana?"

"Ameondoka na meli."

Safu nzima ilimtazama kwa hofu. "Basi nani amesema tutoke?" Faki aliuliza.

Ngwali aligeuka nyuma, kutafuta mtu wa kulisema hilo. Palikuwa na lango tu, na Mize.

"Mimi," alisema.

"Wewe ni nani?"

"Ngwali. Mpishi wa halua."

Walishauriana kwa kunong'ona. Kisha Faki akashusha mikono kutoka kichwani, polepole, mmoja mmoja, kama mtu anayetua mtungi. "Mpishi wa halua amesema," akawaambia wenzake. "Akiulizwa mtu, ni yeye." Wakainuka. Walipotoka langoni kila mmoja alilikariri jina lake ili asilisahau atakapohojiwa, na Ngwali alilisikia likienda mbali juu ya mawe, Ngwali, Ngwali, Ngwali, na kila lilipotajwa mwili ulimsisimka.

Faki alibaki nyuma. Alimtazama Mize usoni, akatambua bila kuambiwa. "Wewe ni dada yake Mwalimu," alisema. "Mna macho mamoja."

Aliwapeleka nyuma ya tanuu la chokaa. Palikuwa na mawe yaliyopangwa, bila jina. Alionyesha la tatu toka ukutani.

"Tulimwosha," alisema. "Maji hayakuwa mengi. Tulijinyima ya kunywa."

"Waliniambia ni koo," Mize alisema.

Faki alitazama baharini. "Ilikuwa kamba, mwanangu."

Mize aliketi chini. Hakupiga ukelele. Aliweka kiganja juu ya jiwe lile, lililokuwa la baridi bado kwa asubuhi, akaanza kuondoa majani makavu ya bahari yaliyoliangukia, moja moja, akiyaweka pembeni. Alipotaka kuufungua msahafu vidole vilimkataa. Akampa Ngwali.

"Msomee wewe. Sauti yangu imekwenda."

Ngwali alipiga magoti, akafungua Yasini, akaanza. Herufi zilicheza machoni pake. Faki aliagana nao akaondoka, maana maji yalikuwa yameanza kurudi, na wenzake walikuwa wamekwisha kufika nusu ya njia, wakitembea ndani ya maji ya vifundoni.

Kisha wakasikia injini. Boti ya polisi ilikuwa inatoka mjini kuja Mwambani, na mbele yake ilipepea bendera mpya, iliyoshonwa haraka kutokana na ile iliyochanika. Mtu aliyesimama mbele, kwenye omo, alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi.

"Anakuja," Mize alisema.

"Namwona."

"Upande wa pili wa mwamba bado pana kina kifupi. Ukitaka kwenda, nenda. Sitakulaumu."

Ngwali alitazama upande ule. Palikuwa na njia, kweli, na kwa mtu mwenye kukimbia ilitosha. Tumbo lilimwambia akimbie, na miguu ikakubaliana na tumbo. Alilitazama lile jiwe la tatu, ambalo Mize alikuwa amelisafisha hadi likang'aa, na hakupata maneno ya kuaga nayo.

Injini ikazimwa. Buti zikagusa mawe, zikaja kwa mwendo wa taratibu, mwendo wa mtu mpole asiye na haraka. Jasho lilimdondoka Ngwali kidevuni likalowesha pembe ya msahafu. Alikuwa katikati ya sura. Akavuta pumzi, akaendelea na aya inayofuata, wala hakuiharakisha.